Baraka: Mdogo wangu aliniuliza juu ya masasi yenye presha kubwa

Kwa kawaida ninawaletea habari za barabara, za soko na za usalama. Leo habari inatoka ndani ya familia yetu. Kabla ya kuiandika nimeomba ruhusa kwa mama na kwa dada yangu mkubwa, na wote wawili wamekubali. Dada alisema: "Andika, maana kuna watu wanauliza swali hilo hilo hapa hapa kwetu."

Ilianza na sauti ya WhatsApp. Ilikuwa karibu saa tano ya usiku, umeme wa jirani umekwisha kuzimwa, nami natafuta rezo mlangoni. Mdogo wangu anaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Alikwenda huko 2016 pamoja na mama, wakitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Leo ni raia wa Marekani, ana mke na watoto wawili. Mama anakaa nao. Anafanya kazi ya usiku katika bohari kubwa ambamo wanapanga mizigo.

Alisema hivi: "Yaya, habari ya huko? Mimi nimenunua bastola."

Akaeleza. Wiki tatu kabla, alipotoka kazini saa kumi ya alfajiri, vijana wawili walimfuata mpaka kwenye gari lake. Mmoja akamwelekezea bastola usoni. Wakachukua simu na pesa alizokuwa nazo, wakaenda zao. Hawakumpiga. Lakini tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Huko Kentucky, tangu 2019, mtu mwenye miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimzuii kuwa na silaha anaruhusiwa kutembea na bastola chini ya nguo bila kibali maalum. Basi akaenda dukani, wakamkagua majina yake, akalipa, akatoka na bastola ya milimita 9.

Rafiki yake wa kazini akampeleka mahali pa kulengea shabaha. Ni huyo rafiki aliyemwambia: "Masasi ya kawaida ni ya watoto. Nunua yenye alama ya +P. Yana presha kubwa, mtu akipigwa nayo hainuki tena. Fanya nayo mazoezi, weka hayo hayo nyumbani." Mdogo wangu akamaliza sauti yake kwa swali: "Yaya, wewe kila wiki unatangaza habari za masasi. Ni kweli anachosema huyu? Niyanunue?"

Nilicheka kidogo gizani, halafu nikanyamaza. Kutangaza habari za masasi siyo kuyajua. Mimi nahesabu waliojeruhiwa, nauliza majina ya vijiji, naandika saa mapigano yalipoanza. Nini kinachotokea ndani ya chuma, sijawahi kuuliza hata siku moja.

Kesho yake mama naye akapiga. Hakuuliza habari za presha. Alisema: "Mwambie mdogo wako akirudishe kile kitu. Mimi sikuvuka ziwa ili nikalale na bunduki chumba cha pili."

Ndugu zangu, ili mwelewe maneno hayo ya mama, lazima nirudi nyuma, 1996.

Vita ilipofika kwetu mwaka huo, mimi nilikuwa na miaka 10, mdogo wangu miaka 4, na dada yetu mkubwa miaka 14. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na fito, kama nyumba nyingi za hapa, juu mabati yaliyokwisha kushika kutu. Usiku mmoja masasi yakaanza kulia upande wa barabara. Hatukujua nani anampiga nani. Baba akasema tulale chini. Tukalala chini wote, isipokuwa dada, ambaye alinyanyuka kidogo kumvuta mdogo wetu aliyekuwa analia kitandani. Risasi moja ikapita katika ukuta wa udongo kama sindano katika kitambaa, ikamchukua dada kwenye mkono wa kuume, juu ya kiwiko, ikatoka, ikapiga sufuria, ikaishia hapo.

Aliyepiga hakutuona. Hakutujua. Pengine hata leo, kama yuko hai, hajui kwamba risasi yake iliingia nyumbani mwa watu. Tulivuka ziwa mpaka Kigoma siku chache baadaye, dada amefungwa mkono kwa kitenge cha mama. Mfupa uliunga vibaya. Mpaka leo mkono ule haunyanyuki kupita bega. Mimi naye tulirudi Baraka 2007 kwa meli ya warudishwaji. Yeye ana meza ya kuuza ndagaa sokoni, na anapima kwa mkono wa kushoto.

Mtoto aliyekuwa analia kitandani usiku ule ni huyu huyu anayeniuliza leo habari ya masasi ya +P.

Niliona nisimjibu kwa hasira, wala nisimjibu kwa ujinga. Kuna mzee mmoja hapa kwetu ambaye alikuwa fundi wa silaha jeshini tangu enzi za Zaire. Siku hizi anafuga kuku na kusikiliza redio. Nikaenda kwake mchana, tukakaa chini ya mwembe, nikamwekea ile sauti ya mdogo wangu aisikie. Akaisikiliza mara mbili. Halafu akaniambia nitoe kalamu, kwa sababu watu wengi wanaobeba silaha, hata askari, hawajui anachotaka kunieleza.

"Risasi," alisema, "ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kuna baruti ndani ya ganda. Kuna kifunguo kidogo kwenye kitako, ambacho kikigongwa kinatoa cheche. Na kuna ncha, ile inayoruka. Cheche ikiwasha baruti, inageuka kuwa hewa ya moto kwa ghafla sana. Hewa hiyo inatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni pamoja tu, yaani mbele, na mbele kuna ncha. Basi inaisukuma. Huo msukumo ndio presha."

Kisha akanionyesha pikipiki yangu. Upepo ulio katika tairi ya pikipiki, kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba, ni kama 30 na kitu. Ndani ya bastola ya milimita 9, kwa risasi ya kawaida, presha inaruhusiwa kufika 35,000. Kipimo hicho kimewekwa na shirika la watengenezaji wa silaha na masasi wa Marekani linaloitwa SAAMI, lililoundwa 1926. Kwa masasi ya milimita 9 yenye alama ya +P, shirika hilo hilo linaruhusu mpaka 38,500. Nilipiga hesabu kwenye daftari: ni nyongeza ya asilimia 10.

"Unaona?" mzee akasema. "Rafiki yake anazungumza kama vile ni bomu. Ni sehemu moja ya kumi tu. Na hiyo sehemu moja ya kumi ya presha haileti sehemu moja ya kumi ya mbio. Mbio zinaongezeka kidogo kuliko hapo. Mtu akipigwa mahali pabaya na risasi ya kawaida, anakufa. Akipigwa pembeni na ya +P, anakimbia. Kinachoamua ni mahali ilipoingia, siyo maandishi ya kwenye kitako."

Nikamuuliza: basi hasara yake ni nini? Akahesabu kwa vidole.

Kwanza, chuma chenyewe. Siyo kila bastola imetengenezwa kwa presha hiyo. Nyingi za kisasa zinaivumilia, lakini za zamani, na baadhi ya ndogo nyepesi, hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mtengenezaji anaandika katika kitabu cha maelekezo kama bastola yake inakubali +P au haikubali. Kitabu kikisema hapana, ni hapana. Na hata pale kinaposema ndiyo, springi na vipande vya ndani vinachoka mapema mtu akizoea kupiga masasi hayo kila juma. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanashauri yatumike kwa kiasi.

Pili, mkono. Bastola inaruka zaidi. Mtu mgeni anaanza kufumba macho kabla hajavuta, mkono unatetemeka, shabaha inakimbia. "Ukimfundisha mtoto kuogelea," mzee alisema, "humpeleki katikati ya ziwa siku ya mawimbi." Anayejifunza afanye mazoezi na masasi ya kawaida, mengi, polepole, mpaka mkono uzoee. Kisha, kama ameamua kuweka nyumbani aina nyingine, apige machache ya aina hiyo ili ajue kwamba bastola yake inayameza bila kukwama, na kwamba yanakwenda pale anapolenga. Lakini kusema mazoezi yote yawe ya +P ni kuchosha chuma, kuchosha mkono na kumaliza pesa, kwa sababu bei yake iko juu.

Tatu, masikio na macho. Mlio wa bastola yoyote unapita desibeli 150. Ndani ya chumba kidogo, bila kuziba masikio, unaumiza usikivu, na uharibifu huo hauponi. Ukiongeza presha hupunguzi mlio. Na usiku kuna mwako mbele ya mtutu, ambao unaweza kumtia mpigaji kiwi kwa nukta chache, yeye ambaye anataka kuona nani yuko mlangoni.

"Na kuna mengine yenye alama mbili, +P+," mzee akaongeza. "Hayo hata SAAMI haikuyawekea kipimo. Kila mtengenezaji ana lake. Mwambie mdogo wako asiyaguse."

Hapo ndipo nikauliza swali lililokuwa linanikaa moyoni tangu mwanzo. Nikamwambia habari ya ukuta wetu wa udongo na mkono wa dada. Nikasema: "Kwa hiyo hatari ya +P ni kwamba inapita ukuta?"

Mzee akatikisa kichwa. "Hapo unakosea, kijana wangu. Zote zinapita."

Akanieleza kwamba iliyopita ukuta wetu 1996 ilikuwa pengine ya bunduki ya kivita, na bunduki ya kivita ina nguvu nyingi kupita bastola. Lakini hata bastola, hata kwa risasi ya kawaida kabisa, inatosha. Katika nyumba nyingi za Marekani kuta za ndani siyo za tofali wala za mawe. Ni mbao nyembamba za jasi zilizopigiliwa kwenye fremu. Risasi ya bastola inapita hapo na kuingia chumba cha pili, na pengine cha tatu. Kinachobadilisha mambo ni umbo la ncha zaidi kuliko presha. Ncha ya mviringo iliyofunikwa shaba yote, ile ya bei nafuu ya mazoezi, inapenya sana. Ncha yenye tundu mbele hufunguka kama ua inapoingia mwilini, ikapunguza mbio zake. Ndiyo maana polisi wengi wa Marekani wanabeba hiyo. Lakini ikipita ukuta kwanza, lile tundu linaweza kujaa vumbi la ukuta, lisifunguke tena, nayo ikaendelea kama ile nyingine.

"Basi swali la kumwuliza mdogo wako," mzee alisema, "siyo 'presha gani?' Mwulize: 'Nyuma ya mlango unaotaka kupiga, nani amelala?'"

Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Usiku ule nilimtumia mdogo wangu sauti ndefu, dakika 9. Nilimpa yote: 35,000 na 38,500, kitabu cha maelekezo, springi, mkono, masikio, ncha yenye tundu. Kisha nikamwuliza lile swali la mzee. Nikamwambia achore nyumba yake kwenye karatasi, aweke kitanda cha kila mtu mahali pake, kisha asimame pale ambapo angesimama usiku na kuangalia mbele yake kuna kitanda cha nani.

Siku mbili hakujibu. Nilijua amekasirika. Mtu aliyeelekezewa bastola usoni hataki kuhesabiwa vitanda. Na mimi niko mbali; siyo mimi ninayetoka kazini alfajiri katika uwanja wa magari usio na mtu. Hofu yake ni ya kweli, sikutaka kuidharau. Sisi wa Fizi tunajua hofu ya mlango usiku.

Siku ya tatu nilimweleza dada pale sokoni. Hakusema neno. Alimpimia mteja ndagaa, akarudisha makuta, kisha akaniambia: "Nipe simu." Akazungumza na mdogo wetu kwa sauti moja fupi, haikufika dakika moja. Ameniruhusu niwaandikie alichosema:

"Mdogo wangu, mimi sijui hesabu za kaka yako. Najua kitu kimoja. Usiku ule mimi sikuwa adui wa mtu. Nilikuwa nakunyanyua wewe. Yule aliyepiga naye alikuwa anaogopa, alipiga mbele yake tu. Nakuomba, usije ukawa yule mtu. Mkono wangu nimekwisha kuusamehe, lakini ukimpiga mtoto wako nyuma ya ukuta, nani atakusamehe?"

Akanirudishia simu, akaendelea na ndagaa zake.

Jibu lilikuja usiku. Mdogo wangu alikuwa analia, hata rezo ilikuwa inakata sauti yake. Alikuwa amechora nyumba. Chumba chake kinatazama mlango wa mbele, na katikati ya njia hiyo, nyuma ya ukuta wa jasi, kuna kitanda cha mama.

Ninawaambia kilichofuata bila kukipamba. Bastola hakuirudisha. Anasema haki ya kujilinda anayo, sheria ya pale inampa, na mimi siwezi kumkatalia. Lakini masasi ya +P hakuyanunua. Alisoma kitabu cha bastola yake. Alijiandikisha kwa mwalimu, anafanya mazoezi na masasi ya kawaida, masikio yamezibwa. Alinunua kisanduku cha chuma chenye namba, bastola inalala humo, haina risasi ndani, na watoto hawajui namba. Alihamisha kitanda cha mama kwenda chumba cha nyuma. Akaweka taa kubwa mlangoni na kufuli la pili. Na kazini, wenzake watano wamepatana kutoka pamoja mpaka kwenye magari. Aliniambia: "Yaya, tangu tuanze kutoka watano, nalala."

Mama bado hajaridhika. Kila akinipigia ananiuliza: "Kile kitu bado kiko humu?" Ninamwambia: "Kiko, mama, lakini kimefungwa." Anaguna.

Sasa narudi kwenu, ndugu zangu wa hapa, hasa ninyi mliokimbia. Nisingewachosha na habari za Kentucky kama zisingetuhusu.

Mwezi uliopita baba mmoja aliyeshuka kutoka nyanda za juu, ambaye analala na familia yake katika chumba kimoja cha mwenyeji wake, alinifuata baada ya matangazo. Alikuwa na pesa ya mbuzi wawili. Wezi wa usiku walikuwa wamewaingilia majirani mara mbili. Mtu fulani alimwahidi kumpatia bastola kwa siri, pamoja na masasi machache ya zamani. Akaniuliza kama ni jambo zuri. Nikampeleka kwa mzee yule yule, chini ya mwembe ule ule.

Mzee alimwambia mambo matatu, nami nawarudishia.

La kwanza: masasi ya kuokoteza hayajulikani. Yale ya Marekani yana alama kwenye kitako, mtu anasoma. Haya yanayozunguka kwetu yamekaa miaka kwenye udongo na unyevu, mengine yametengenezwa kwa silaha nyingine kabisa. Kuna masasi ya kijeshi ya milimita 9 yenye alama ya msalaba ndani ya duara, ambayo yana nguvu kidogo kupita ya kawaida. Kuna yaliyooza baruti, ambayo yanasukuma ncha nusu tu, ikabaki imekwama ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili juu yake, bastola inapasuka mkononi. Ukiwa hujui chuma ni cha nani na risasi ni ya wapi, huna silaha ya kujilinda. Una bomu dogo chini ya mto.

La pili: sheria. Katika nchi yetu, silaha na masasi vinaongozwa na sheria ya 1985. Raia haruhusiwi kuwa na bastola bila kibali. Mkimbizi akikutwa nayo usiku, siyo mwizi atakayefungwa, ni yeye. Na katika eneo letu lenye makundi mengi yenye silaha, hakuna atakayeamini kwamba alikuwa analinda watoto tu. Aliye na silaha na anataka kuiacha, aende kwa chifu au kwa viongozi wa dini, wamwelekeze kwa mpango wa P-DDRCS ulioundwa na serikali 2021. Asiibebe barabarani peke yake.

La tatu ndilo lile la vitanda. Chumba kimoja, watu wanane, ukuta wa udongo au hema la plastiki. Utapigia wapi?

Baba yule alifikiri sana. Mbuzi wale hakuwageuza bastola. Leo katika mtaa ule wana zamu ya usiku, watu wanne wanne, wenyeji na wakimbizi pamoja, wana filimbi na tochi, na kila nyumba ina sufuria tupu karibu na mlango. Mtu akisikia kitu anapiga sufuria, wa jirani anaitikia, na kwa dakika moja mtaa mzima unalia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Siwaambii kwamba wezi wamekwisha. Ninachojua ni kwamba hakuna mtoto aliyekufa kwa mlio wa sufuria.

Kabla sijafunga, neno kwa wazazi. Watoto wetu wanaokota masasi mashambani na kando ya barabara, wanayachezea, wengine wanatafuta shaba ya kuuza. Risasi isiyopigwa bado ina uhai wake wote. Ikitupwa motoni, ganda linapasuka na vipande vya shaba vinaruka; vinaweza kutoboa jicho. Msichome takataka mahali palipopiganiwa kabla hamjaangalia. Mtoto akiona risasi, asiiguse, asiipige jiwe. Aweke alama kwa mbali na kumwita mtu mkubwa, naye ampashe habari mkuu wa kijiji. Na wale wanaofyatua hewani kwenye harusi au kwenye matanga, wajue kwamba kinachopanda lazima kitashuka, na kinashukia mtu.

Jana jioni nilipita sokoni. Dada alikuwa anakunja turubai, mkono wa kushoto juu, wa kuume chini. Nikamwambia kwamba mdogo wetu ametuma pesa kidogo kwa ajili ya meza mpya. Akacheka. "Na kile kitu chake?" akauliza. Nikasema kimefungwa. Akanipa upande mmoja wa turubai niushike, tukamalizia kukunja, tukaenda nyumbani kabla giza halijaingia.

Mwandishi wenu, kutoka Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini.